Ubao wa Kupanda Mawimbi kwa Bahari ya Mtwara: Umbo na Mapezi Niliyoyachagua

Wiki hii nimekamilisha maelezo ya ubao wangu mpya wa kupanda mawimbi na kuyatuma kwa fundi aliyeko Durban, Afrika Kusini, ambaye atauchonga kwa vipimo nilivyompa. Vijana wa Shangani na Mikindani ninaoingia nao baharini wameniuliza mara nyingi kwa nini sinunui ubao uliokwisha kutengenezwa, nikaokoa muda na fedha, na jibu lake ni refu kuliko linavyoweza kutolewa tukiwa tumeketi mchangani tukingoja maji. Nimeona afadhali niliandike lote hapa. Ninaamini kwamba ubao huagizwa kwa kuisoma kwanza bahari utakamotumika, na bahari ya Mtwara na Lindi ina tabia zake ambazo mbao nyingi za dukani hazikukusudiwa kukabiliana nazo. Umbo na mapezi, yaani vile vipande vinavyochomoza chini ya mkia wa ubao, hayana budi kuzifuata tabia hizo, hata kama matokeo yake ni ubao usiofanana na ule wa mabingwa tunaowaona kwenye video.

Ukiitazama ramani utaelewa upesi. Mawimbi makubwa yanayofika Durban na Jeffreys Bay, huko huko Afrika Kusini, huzaliwa na dhoruba za bahari ya kusini ya mbali, yakasafiri maelfu ya kilomita na kujipanga njiani, hata yanapofika ufukweni huwa na nafasi pana kati ya moja na jingine na nguvu ya kumbeba mtu mzima aliyesimama juu ya ubao mwembamba. Sisi tuko digrii 10 hivi kusini mwa ikweta, na kati yetu na dhoruba hizo kimelala kisiwa cha Madagaska pamoja na visiwa vya Komoro, kwa hiyo kinachopenya kupitia Mlango wa Msumbiji hutufikia kikiwa kimepungua sana. Tunachobaki nacho kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mawimbi ya upepo. Kusi ikishika nguvu, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, bahari ya nje ya Msangamkuu na ya Msimbati huumuka, lakini mawimbi yake ni mafupi, hufuatana upesi, mara nyingi hayazidi kimo cha kiuno au kifua, na uso wake umevurugwa na upepo uleule ulioyaleta. Kaskazi ni pole zaidi, na ziko siku nyingi ambazo bahari hulala kabisa. Saa ninazozitamani ni zile za asubuhi na mapema, kabla upepo wa baharini haujaamka, wakati umande, yaani upepo mwanana utokao nchi kavu, unaulainisha uso wa maji na kulisimamisha wimbi kwa muda kabla halijavunjika.

Zipo pia siku za pekee ambapo bahari hukasirika kweli, nazo sikuzihesabu hata kidogo katika kuchagua ubao. Kimbunga Kenneth kilipotua kaskazini mwa Msumbiji mwezi Aprili 2019, watu wa pwani ya Mtwara walielekezwa kuhama maeneo ya hatari. Siku kama hiyo mahali pa mtu ni mbali na maji. Ubao wangu ni wa siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi.

Jambo jingine ni mwamba. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezungukwa na matumbawe, na wimbi huvunjika linapokutana na ukingo wa mwamba huo, mbali na mchanga. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kukupwa huzidi mita 3, tena mara mbili kwa siku. Wenyeji wanajua kwamba katika siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri, na ifikapo saa nne asubuhi mwamba uko wazi na watu wanachokoa pweza mahali palipokuwa na kina cha kumfunika mtu. Maana yake kwa mpanda mawimbi ni nzito: zile saa tulivu za umande huangukia wakati huohuo maji yanapokimbia kwa kasi, na kila dakika inayopita, mwamba unasogea karibu na tumbo la ubao wake. Nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye mapezi, kwa kuwa huko ndiko linakoamua mengi.

Fundi yeyote wa mbao huanza kwa kuuliza uzito wa mwili, kimo, uzoefu na aina ya mawimbi, na ni wajibu wa mwagizaji kujibu kweli tupu, kwa sababu ubao haubembelezi. Mimi nina kilo 74, nimezoea kusimama na kugeuza bila taabu, lakini si mtu wa mashindano. Bingwa mwenye uzito wangu, akiwa Jeffreys Bay, hutosheka na ubao wenye ujazo wa lita 27 au 28. Lita hizo zinamtosha kwa sababu wimbi lenyewe linamsukuma kwa nguvu na mikono yake ina mazoezi ya kila siku. Kwenye wimbi letu fupi, lisilo na msukumo wa kutosha, ubao wa namna hiyo ungezama chini ya kifua changu na kuliacha kila wimbi lipite, nami nikibaki nimechoka. Kwa mtu wa uzoefu wangu katika mawimbi dhaifu, kipimo kinachofaa ni karibu lita 0.6 kwa kila kilo ya mwili, nami nimeomba lita 44.

Lita hizo zinaweza kugawanywa kwa njia nyingi, na hapo ndipo fikra inapohitajika. Ubao mrefu wa futi 9 huanza kuteleza mapema mno, hata kabla wimbi halijasimama, na kwa ufukwe wa mchanga wenye mawimbi madogo sijui kinachoushinda. Lakini kusi ikivuma ubao huo hushikwa na upepo ukiubeba kwapani, pua yake huingia kwenye mgongo wa wimbi la mbele kwa kuwa nafasi kati ya mawimbi ni finyu, na kuusafirisha kwa basi kutoka Dar es Salaam ni kazi inayohitaji kubembelezana na kila kondakta. Ubao mfupi na mpana wa futi 5 na inchi 8 unaingia vizuri katika nafasi hizo finyu, na ujazo wake unaweza kuwa uleule, ila mwendo wake unapopiga maji kwa mikono ni mdogo. Kwetu mwendo wa mikono si jambo la kupuuza. Mkondo wa Ikweta ya Kusini, baada ya kuivuka bahari, hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, jirani zetu kabisa, ukagawanyika: tawi moja huelekea Mlango wa Msumbiji na tawi jingine hupanda kaskazini likipita mbele ya Mtwara, Lindi na Kilwa. Kusi huliongezea tawi hilo kasi, na mtu anayekaa nje ya mwamba akingoja wimbi hulazimika kupiga maji bila kukoma ili asichukuliwe. Nimechagua basi urefu wa katikati, futi 6 na inchi 10, upana inchi 21.5 na unene inchi 2.75. Kwa sentimita ni kama 208 kwa 55 kwa 7.

Kipimo kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni mpindo wa tumbo, yaani jinsi ubao unavyojikunja kutoka puani hadi mkiani ukiutazama kwa ubavuni. Ubao ulionyooka hulala juu ya maji kwa eneo kubwa, hivyo huanza kuteleza kwa msukumo mdogo na huhifadhi mwendo katika sehemu za wimbi zilizolala. Ubaya wake ni kwamba kwenye mteremko mkali hauna pa kukaa, pua huchoma maji na mpandaji hutupwa mbele. Ubao uliopinda sana hufuata mteremko huo vizuri na kugeuka upesi, lakini kwenye wimbi pole huyasukuma maji mbele yake na kujizuia wenyewe. Vitabu na programu za kompyuta za wachongaji hueleza haya yote kwa namba, nami nilizisoma, lakini kwa mkunjo wa chombo kinachokutana na wimbi fupi la kusi niliona nimtafute mtu aliyeishi nalo. Nikaupeleka mchoro wangu, uliochorwa kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, kwa mzee mmoja fundi wa mashua pale Mikindani.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Hiki kitakwenda na tanga?”

“Hakina tanga, fundi. Wimbi ndilo litakalokisukuma, nami nitasimama juu yake, hapa nyuma ya katikati.”

Aliutazama mchoro kwa muda, akaufuata mstari wa tumbo kwa kidole kutoka omo hadi tezi, yaani kutoka puani hadi mkiani, akarudi tena. “Basi omo usiiinue tangu mbali hivi. Ukianza kuipandisha tangu katikati, chombo kitakalia tezi na kukokota maji. Iache inyooke, halafu iinue mwishoni, hapa karibu kabisa na ncha, ili wimbi fupi lisiizamishe.”

Alichokisema kwa sentensi hizo chache ndicho nilichokuwa nikikizunguka kwa majuma. Nilikuwa nimeugawa mkunjo sawasawa kwa urefu wote, kama mbao nyingi za ukubwa huu zinavyochorwa. Sasa nimeomba sehemu ya katikati inyooke karibu kabisa, na mwinuko wa pua wa inchi 4.5 upatikane zaidi katika sentimita 40 za mwisho, huku mkia ukiinuka inchi 2 tu. Kwenye uso wa wimbi uliotulia pua hiyo haitagusa maji, kwa hiyo hainipunguzii mwendo. Kwenye maji yaliyovurugika itanisaidia kupanda juu ya kila kijiwimbi kinachokuja kunikabili.

Kingo nimeziomba ziwe nene na laini kuanzia puani hadi theluthi mbili za urefu, ili ujazo ufike pembeni na ubao usiyumbe ninapopiga maji, kisha ziwe na makali kwa chini katika theluthi ya nyuma, mahali ambapo maji yanapaswa kuachana na ubao upesi badala ya kuzunguka ukingo na kuushika. Tumbo litakuwa na bonde jepesi katikati na mgongo mdogo chini ya mkia unaorahisisha kuulaza ubao upande wa kushoto au kulia. Mkia wenyewe utakuwa mpana, uliokatwa na kuviringwa pembe. Napenda mkia wa mbayuwayu kwa macho, lakini ncha zake mbili ndizo za kwanza kuvunjika ubao ukigonga mwamba au ukisukumwa na magunia ya korosho kwenye buti la basi.

Sasa nije kwenye mapezi, ambayo kwa maoni yangu hubadilisha tabia ya ubao kuliko watu wengi wanavyodhani. Wahawaii wa kale walipanda mawimbi kwa mbao zisizo na pezi hata moja, na waligeuza kwa kuzamisha ukingo na kuburuta mguu majini. Ustadi wao ulikuwa mkubwa, lakini mkia uliteleza kando mara mteremko ulipozidi. Mwaka 1935 Tom Blake, Mmarekani aliyekuwa akipanda mawimbi Hawaii, alifunga pezi moja chini ya mkia, na ubao ukaanza kushika njia. Pezi moja kubwa katikati bado lina wapenzi wake, nami naelewa sababu: hutulia, haliyumbi, na mpandaji anaweza kusimama wima na kuliacha wimbi limpeleke. Linapotakiwa kuongeza mwendo, hata hivyo, halina msaada mkubwa, kwa sababu haliko karibu na ukingo unaozama wakati wa kugeuza.

Mapezi mawili ya pembeni hutatua hilo. Steve Lis wa San Diego alitengeneza mwaka 1967 ubao mfupi, mpana, wenye mkia uliogawanyika kama wa samaki, akiukusudia kwa kupanda akiwa amepiga magoti, na mapezi yake mawili yalikuwa marefu kwa msingi na mafupi kwa kina. Miaka kumi na kitu baadaye Mark Richards wa Australia aliyachukua mapezi mawili akayapeleka kwenye mashindano, akatwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ubao wa mapezi mawili huenda kasi kwenye wimbi dogo kwa kuwa hakuna kitu katikati kinachokokota maji. Kila unapoulaza, pezi moja huwa limezama na kukusukuma mbele. Udhaifu wake huonekana wimbi linapokuwa na nguvu au mpandaji anapoukanyaga mkia kwa uzito: mkia huachia na kuteleza. Simon Anderson, Mwaustralia mwingine, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na udhaifu huo ulimsumbua zaidi kuliko wenzake wepesi. Oktoba 1980 alitengeneza ubao wenye mapezi matatu yenye ukubwa sawa, mawili pembeni na moja nyuma yao katikati, na mwaka uliofuata akashinda nao mashindano ya Bells Beach, Australia, katika mawimbi makubwa. Tangu hapo mapezi matatu yamekuwa ndiyo kawaida duniani, na fundi asipoambiwa vinginevyo huweka hayo.

Kwa bahari yetu naona kawaida hiyo haitufai kwa siku nyingi. Mapezi matatu yanayolingana humtaka mpandaji aukanyage mkia, aulaze, aunyanyue, aulaze upande wa pili, na kwa njia hiyo autoe mwendo ndani ya wimbi lenye nguvu. Wimbi la kiuno la Msangamkuu halina cha kutolewa kiasi hicho. Pezi la katikati huwa linakokota tu, na mtu hujikuta akiruka juu ya ubao ili usisimame. Mapezi mawili matupu ndiyo yangefaa kwa siku hizo, lakini kusi ikiyavuruga maji mkia mpana wenye mapezi mawili hurukaruka na kupoteza mshiko. Nimechagua njia ya kati iliyokwisha kuthibitika kwa wengi: mapezi mawili makubwa ya pembeni, yenye msingi mrefu, pamoja na pezi dogo la nyuma ambalo kazi yake ni kutuliza mkia tu. Siku za asubuhi tulivu nitaliondoa hilo dogo. Siku chache ambazo wimbi linafika kifuani na kuendelea nitafunga yale matatu yanayolingana, ambayo nitayaweka kwenye mkoba. Mapezi manne, mawili kila upande, nimeyatumia kwenye ubao wa kuazima na yana kasi nzuri katika mstari ulionyooka, lakini hugeuka kwa upinde mrefu, na sehemu ya wimbi letu inayopandika huisha kabla upinde huo haujakamilika.

Kuna mambo mengine ya pezi ambayo muuzaji hayaelezi vya kutosha. Mapezi ya pembeni hayasimami wima wala hayalingani sambamba na uti wa ubao: ncha zake za chini hulala nje kwa digrii chache, na makali yake ya mbele hugeukia ndani kidogo, kuelekea pua. Kulala nje huufanya ubao uitikie upesi unapolazwa, na kugeukia ndani huyafanya maji yaukabili upande mmoja wa pezi kwa msukumo, jambo linalosaidia kugeuza lakini hupunguza kidogo mwendo wa moja kwa moja. Uso wa ndani wa pezi la pembeni huwa bapa na wa nje huwa na mbinuko, ilhali pezi la katikati hubinuka pande zote mbili sawasawa. Pezi lililoinama sana kuelekea nyuma hugeuza kwa upinde mpana. Lililosimama wima zaidi hugeuza papo hapo. Kwa wimbi fupi nimependelea yaliyosimama.

Kina cha pezi ndicho kilichonifanya nichukue kalamu na kuhesabu. Kwa ubao wa futi 6 na inchi 10, pezi moja la katikati lingekuwa la inchi 8 hivi, karibu sentimita 20. Mapezi yangu ya pembeni yatakuwa na kina cha inchi 5, karibu sentimita 13. Je, tofauti hiyo ya sentimita 7 na nusu inanunua muda gani juu ya mwamba maji yanapokupwa? Mabaharia wana kanuni ya kuigawa tofauti ya maji katika sehemu 12: katika saa ya kwanza ya kupwa hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3, kila sehemu ni sentimita 25. Katika saa ya tatu na ya nne, ambazo kwetu ndizo zile za baada ya jua kuchomoza, maji hushuka sentimita 75 kwa saa, na sentimita zangu 7 na nusu hupita kwa dakika 6. Katika maji mafu, yaani siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, tofauti ikiwa mita 1 hivi, sentimita hizohizo hunipa dakika 18 hata katika saa za kasi kuliko zote.

Dakika 6 hazitoshi kuwa sababu ya kuchagua pezi, na sitaki mtu aseme mapezi mafupi yanamruhusu kukaa zaidi juu ya mwamba wakati wa bamvua. Hayamruhusu. Sababu yangu ni kile kinachotokea pezi linapogusa. Pezi refu la katikati likigonga tumbawe, ubao husimama ghafla katika mstari wa mwendo na mtu huruka mbele kichwa kikitangulia. Nguvu yote ya pigo huishia kwenye tundu moja la katikati linaloshikilia pezi, ambalo hung'oka na kipande cha ubao. Pezi fupi la pembeni lenye msingi mrefu hukwangua na kupanda juu mara nyingi zaidi kuliko kukwama. Na tumbawe lenyewe lina haki yake. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na matumbawe yanayovunjwa na pezi kwa sekunde moja hukua kwa milimita na sentimita chache kwa mwaka. Desturi ninayowaomba vijana waifuate ni kutoka majini mara mtu akisimama na maji yakamfika magotini, bila kusubiri wimbi moja la mwisho.

Kwa sababu hizohizo mapezi yatakuwa ya kufunguliwa kwa skrubu, si ya kugandishwa moja kwa moja kwenye ubao. Pezi lililogandishwa lina mshiko mzuri zaidi miguuni, nakiri, lakini likivunjika Mtwara ubao umelazwa, ilhali la kufungua huvunjika lenyewe na kuuacha ubao mzima, na kwa safari ya basi huwekwa mfukoni. Fundi alipendekeza matundu matano ili niweze kubadili kati ya matatu na manne. Nimekataa, kwa kuwa kila tundu ni mahali pa maji kuingilia siku linapopasuka, na mapezi manne nimekwisha kueleza kwamba siyahitaji.

Kuhusu malighafi ya ubao, chaguo ni kati ya povu la poliyurethani lililofunikwa kwa faibaglasi na resini ya poliesta, na povu la polistareni lililofunikwa kwa epoksi. La pili limeenea zaidi tangu Desemba 2005, kampuni ya Clark Foam ya California, iliyokuwa ikiwauzia wachongaji wengi mapande ya povu, ilipofunga shughuli zake ghafla. Ni jepesi na huelea zaidi, na kwa mawimbi dhaifu wengi hulipendekeza. Mimi nimechagua la kwanza. Polistareni ikitobolewa na mwamba hunywa maji upesi; ikiachwa juani hewa iliyo ndani yake hutanuka na kuinua ngozi ya ubao, na jua la Mtwara la mwezi Novemba halina huruma; tena resini ya poliesta huiyeyusha, kwa hiyo haiwezi kuzibwa kwa resini ambayo mafundi wa boti za faibaglasi wanayo tayari. Poliyurethani ni nzito kidogo, lakini uzito huo hukata vijiwimbi vya kusi badala ya kurushwa juu yake, na nikiupasua ubao asubuhi naweza kuuziba jioni kwa vitu vinavyopatikana nchini. Nimeomba faibaglasi ya aunsi 6 na nyingine ya aunsi 4 mgongoni, upande ninaosimamia, ya aunsi 6 tumboni, na rangi nyeupe tupu, kwa sababu rangi nyeusi au nyekundu hukusanya joto.

Kilichobaki kujadiliwa na fundi kilikuwa mahali pa kuyafunga mapezi ya mbele. Kwa mbao fupi za mapezi matatu huwekwa karibu inchi 11 kutoka mwisho wa mkia, na la nyuma inchi 3 na nusu hivi. Nilikuwa nimeandika inchi 11 na nusu. Amenijibu kwamba kwa urefu huu, na kwa kuwa tumbo la katikati limenyooka, angeyasogeza hadi inchi 12, la sivyo nitalazimika kurudisha mguu nyuma sana kila ninapotaka kugeuza, na mwendo niliouhifadhi kwa tumbo hilo utapotea. Nimekubali, kwa kuwa hoja yake inaungana na ile ya mzee wa Mikindani kuhusu kutokukalia tezi. Nimemwomba pia anitumie picha ya ubavu wa ubao, ukiwa umelazwa kando ya rula iliyonyooka, kabla hajaufunika kwa faibaglasi, kwa kuwa mpindo ukikosewa baada ya hapo haurekebishiki.